Kibao cha Tembo Hakioni Tembo

Dereva anayetoka Morogoro kwenda Iringa anapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi hata kama hana habari na utalii. Barabara kuu ya kwenda Zambia inaipasua hifadhi kwa takribani kilomita 50, na huku na huku kuna pundamilia, swala, nyati, twiga na tembo ambao hakuna aliyewafundisha kuangalia kulia na kushoto kabla ya kuvuka. Ndiyo maana njia nzima kuna maonyo: vibao vyenye picha za wanyama, vibao vya mwendo, matuta, na bango linaloorodhesha faini ya kila mnyama utakayemgonga.

Swali la makala hii ni dogo tu. Kibao chenye picha ya tembo kinakuambia nini?

Kinakuambia kwamba Mikumi kuna tembo. Basi. Kama jana usiku kundi zima lilivuka hapo, kibao hakijui. Kama mwezi huu wote wamehamia kwenye maji upande wa pili, hakijui pia. Saa sita mchana na saa mbili usiku kinasema neno lilelile, kiangazi na masika neno lilelile. Dereva wa lori anayepita hapo mara mbili kwa wiki amekiona kibao hicho mara mamia, na pengine mara zote hizo tembo hakuwepo. Unadhani safari ijayo macho yake yatakipa uzito gani?

Wapo wahandisi ambao kazi yao ni kuuliza swali hilihili kuhusu kila taa na kila kengele, nao ni wale wanaobuni vyumba vya kuongozea mitambo ya nyuklia. Utasema nyuklia na Mikumi wapi na wapi? Tanzania haina hata kinu kimoja cha nyuklia cha kufua umeme. Lakini tuna urani Mto Mkuju, tuna Tume ya Nguvu za Atomiki, na mazungumzo ya kutumia nyuklia kwa umeme yapo. Kila yanapokuja, watu huuliza kuhusu mionzi na taka. Ni sawa kuuliza. Mimi nataka tuulize pia kuhusu taa, maana moja ya ajali kubwa za nyuklia duniani ilichochewa na taa ndogo iliyosema jambo lisilo kweli. Na kasoro ya taa ile tunayo hapa hapa, Mikumi na Kilosa, bila kinu chochote.

Onyo lisilozimika

Tuanze na kanuni ambayo haihitaji fizikia. Katika chumba cha kuongozea mitambo kuna ukuta wa vigae vidogo vyenye maandishi, na kila kigae kina taa nyuma yake. Kitu kikiharibika, kigae chake kinawaka na kengele inalia. Wabunifu wa siku hizi wanataka mambo yakiwa sawa ukuta wote uwe giza. Hata kigae kimoja kisiwake. Hapo kikiwaka kimoja tu, jicho linakwenda lenyewe.

Kigae kinachowaka kutwa kucha kwa sababu kifaa chake ni kibovu na hakuna aliyekuja kukitengeneza, ni hatari kuliko kigae kisichokuwepo. Kinamfundisha mtu kupuuza. Nani kati yetu hajapanda gari ambalo taa ya injini kwenye dashibodi inawaka tangu lilipotoka bandarini? Ukimuuliza suka, jibu ni lilelile: "Hiyo achana nayo, ndivyo ilivyo." Siku injini ikianza kufa kweli, taa hiyo haina namna nyingine ya kusema. Ilishawaka tayari.

Kibao cha tembo ni kigae kinachowaka miaka yote. Siyo kosa la aliyekichora, na wala siyo kosa la dereva kukizoea. Ubongo wa binadamu umeundwa kupuuza kisichobadilika, la sivyo tungeshinda kutwa tukishangaa saa ya ukutani.

Sasa linganisha na maonyo mawili ambayo madereva wetu wameyabuni wenyewe. La kwanza ni taa. Gari linalokuja mbele yako likikuwashia taa mara mbili, unapunguza mwendo kabla hata hujajua sababu. Mara nyingi sababu ni trafiki, sawa, tusidanganyane. Lakini kama mfumo wa onyo, ni wa hali ya juu: anayekuonya anatoka kule unakokwenda, ameona kwa macho yake dakika chache zilizopita, na asipoona kitu hawashi.

La pili ni matawi. Lori likiharibika, utingo anakata matawi na kuyapanga barabarani hatua kadhaa nyuma ya gari. Ni onyo lililowekwa mahali penyewe, siku yenyewe, na mtu anayejua kilichopo. Tatizo linakuja lori likishapona. Dereva anawasha, anaondoka, matawi yanabaki. Kesho yake unakuta matawi yamekauka na mbele hakuna kitu, na keshokutwa vivyo hivyo. Taratibu matawi yenyewe yanageuka kuwa kibao cha tembo. Wabunifu wa vyumba vya mitambo wanalijua hili vizuri: kuwasha onyo ni nusu ya kazi, na nusu nyingine ni kulizima hatari ikiisha. Kwetu nusu hiyo ya pili mara nyingi haina mwenyewe.

Taa iliyosema "nimeagiza"

Tarehe 28 Machi 1979, kama saa kumi alfajiri, pampu za maji katika kinu cha pili cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, Marekani, zilisimama. Kinu kikajizima chenyewe ndani ya sekunde chache, kama kilivyobuniwa. Shinikizo lilikuwa limepanda, vali ya kupunguza shinikizo ikafunguka, kama ilivyobuniwa. Shinikizo liliposhuka, vali ilitakiwa ijifunge. Haikujifunga. Ilikwama wazi, na maji ya kupoza kinu yakaanza kutoka.

Ndani ya chumba cha kuongozea mitambo, taa ya vali ile ilizimika. Waendesha mitambo wakaelewa kwamba vali imefungwa. Kumbe taa haikuwa imeunganishwa na vali yenyewe. Iliunganishwa na umeme unaoiamuru. Umeme ukikatwa, yaani agizo la "jifunge" likishatolewa, taa inazimika. Taa ilikuwa inasema ukweli mtupu: agizo limetoka. Wao walisoma: kazi imefanyika.

Kati ya "nimeagiza" na "imefanyika" yalipita zaidi ya saa mbili. Hakukuwa na kipimo cha moja kwa moja cha maji ndani ya kinu, na kipimo cha tanki lingine, ambacho kwa kawaida kiliwasaidia kukisia, kilikuwa kinapanda badala ya kushuka. Kwa kuogopa kujaza kupita kiasi, wakapunguza maji ya dharura. Kipimo cha tanki lililokuwa linapokea maji yaliyovuja kilikuwepo, ila kiliwekwa nyuma ya paneli, mahali wasipopaona. Kengele zaidi ya 100 zililia dakika za mwanzo. Mashine iliyokuwa ikichapa orodha ya kengele ilizidiwa, ikawa inachapa mambo yaliyokwisha kupita zamani. Mmoja wao aliieleza tume ya uchunguzi kwamba alitamani kuing'oa paneli ile ya kengele na kuitupa, maana haikumpa taarifa yoyote ya kumsaidia. Mwisho wa siku, karibu nusu ya kiini cha kinu ilikuwa imeyeyuka.

Ukiondoka na jambo moja tu katika makala hii, ondoka na hili: kiashiria kionyeshe hali ya kitu, kisionyeshe agizo lililotolewa. Baada ya ajali ile, mitambo ilitakiwa kuwa na kipimo kinachoonyesha vali iko wazi au imefungwa, kwa kuisoma vali yenyewe.

Mkondoa hausubiri tangazo

Ukifika Mikumi mjini, barabara moja inakata kulia kwenda Kilosa. Mikumi na Kilosa ni wilaya moja, ila hatari zake ni mbili tofauti. Kule barabarani ni mnyama. Kilosa ni mto.

Mwishoni mwa Desemba 2009 hadi Januari 2010, Mto Mkondoa ulivunja kingo zake. Maelfu ya watu wakaachwa bila makazi, na reli ya kati ikaharibika vibaya kati ya Kilosa na Gulwe kiasi kwamba treni zilisimama kwa miezi. Januari 2014 ikawa zamu ya Magole na Dumila, kaskazini mwa wilaya, ambako maji yalikata barabara ya Morogoro kwenda Dodoma.

Jambo la kuelewa kuhusu Mkondoa ni kwamba hauanzii Kilosa. Maji yake yanatoka mbali, mengine yakiletwa na Mto Kinyasungwe kutoka upande wa Dodoma na Mpwapwa. Kwa hiyo mtu wa Kilosa anaweza kulala chini ya anga yenye nyota na bado akaamka na maji kitandani, kwa sababu mvua ilinyesha kwa jirani. Ukimwambia aangalie mawingu ya kwao, umempa kipimo cha tanki lingine, kama wale wa Pennsylvania. Kinachomhusu ni kina cha mto huko juu, saa chache kabla maji hayajamfikia. Mto unampa muda wa kuondoka, mradi awepo mtu wa kuupima na njia ya kumfikia.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inatoa taarifa zake kwa ngazi: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa, kila moja na rangi yake. Huo ni ubunifu mzuri na tuusifie. Ngazi zinamsaidia mtu kutofautisha jambo la kufuatilia na jambo la kukimbia. Ukosoaji wangu uko kwenye kipande kinachofuata. Onyo likishatoka kwa maneno ya "baadhi ya maeneo ya mkoa wa Morogoro", nani analigeuza kuwa "wakazi wa bondeni, mtaa fulani, ondokeni usiku huu"? Mkoa wa Morogoro ni mkubwa, kutoka milima ya Ukaguru hadi bonde la Kilombero. Mtu wa Kilosa aliyeona neno "Morogoro" mara kumi bila tone kumfikia, mara ya kumi na moja atafanya nini? Atalala.

Halafu sikiliza sentensi inayosemwa baada ya mafuriko karibu popote nchini: "Tahadhari ilitolewa." Isome tena polepole. Ni taa ya Three Mile Island. Inaonyesha agizo. Haionyeshi kama bibi anayeishi karibu na kingo, asiye na simu janja na ambaye redio yake imekwisha betri, aliipata tahadhari hiyo. Haionyeshi kama aliyeipata aliielewa, na kama aliyeielewa alikuwa na mahali pa kwenda. Ofisi ikiona karatasi imetoka, taa inazimika, vali inahesabiwa imefungwa. Na maji yanaendelea kutoka.

Tiba yake haihitaji mtambo wa mabilioni. Inahitaji jibu lirudi. Mtendaji wa kijiji akipokea onyo, ahesabu kaya za bondeni, balozi wa kila mtaa arudishe taarifa: wangapi wamepata, wangapi wamehama. Nguzo ya daraja huko juu ya mto inaweza kupakwa rangi tatu, njano, chungwa na nyekundu, na mtu mwenye jukumu, simu na posho akawa anasema maji yamefika rangi ipi. Ni rangi zilezile za kwenye taarifa ya hali ya hewa, ila sasa zinasoma mto wenyewe.

Kengele zikiwa nyingi

Julai 1994, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Wales, kililipuka. Wachunguzi walihesabu kwamba katika takribani dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko, waendesha mitambo wawili walipigiwa kengele 275. Hiyo ni kengele moja kila sekunde mbili na nusu. Huwezi kusoma jina la mtu kwa kasi hiyo, sembuse kulitatua tatizo lake. Mwongozo wa wahandisi wa Uingereza ujulikanao kama EEMUA 191 unapendekeza siku za kawaida mtu asipate zaidi ya kengele moja kwa dakika 10, na mambo yakiharibika zisizidi 10 katika dakika 10 za kwanza. Sababu yake ni ya kibinadamu kabisa: kila kengele inakula muda wa kuisoma, kuielewa na kuamua.

Sasa fungua simu yako wakati wa masika. Kundi la ukoo limetuma onyo la mvua. Kundi la wanakwaya limetuma lilelile. Mwingine ametuma video ya mafuriko ya nchi nyingine ya mwaka juzi, mwingine sauti ya mtu asiyejulikana anayeapa kwamba bwawa limepasuka. Kati ya hayo yote, lile moja la kweli kutoka TMA limekaa katikati, halina tarehe kwa sababu limekatwa picha. Onyo lisilo na saa lilipotolewa na saa litakapokwisha ni matawi makavu barabarani.

"Uzembe wa dereva"

Najua kuna msomaji anayesema: mbona unawatetea? Dereva akifuata mwendo uliowekwa, tembo hagongwi. Ni kweli mwendo una kazi kubwa. Gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Ukichukua sekunde moja na nusu kushtuka na kukanyaga breki, umeshakula mita 33 kabla breki haijaanza kazi. Kwa kilomita 50, ni mita 21. Na nguvu ya kugonga inakua kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo 80 ni zaidi ya mara mbili na nusu ya 50. Hapo sibishani.

Ninachobishia ni kuishia hapo. Tume iliyochunguza Three Mile Island, chini ya John Kemeny, ilikubali kwamba waendesha mitambo walikosea. Kisha ikauliza kwa nini watu waliofunzwa walikosea, ikakuta mafunzo hafifu, maelekezo yanayochanganya, chumba kilichobuniwa vibaya, na jambo moja linalouma zaidi: miezi 18 kabla yake, Septemba 1977, vali ya namna hiyo ilikwama wazi katika mtambo mwingine wa Marekani, Davis-Besse. Waliokuwa zamu waliling'amua mapema. Somo halikuwafikia wenzao. Wangeishia kwenye "uzembe", taa ya uongo ingebaki ikiwaka kwenye vyumba vingine.

Ukiandika "uzembe wa dereva" kwenye kila ripoti, umepata wa kumlaumu na hujapata cha kutengeneza. Bango la faini la Mikumi lina kasoro hiyohiyo. Linakuambia bei ya ajali. Halikuambii lolote la kukusaidia kuikwepa katika mita 200 zijazo.

Matuta nayasifu. Tuta halihitaji kusomwa, halihitaji kuaminiwa, na linamwonya mgeni na mwenyeji sawasawa. Ila lipakwe rangi, kwa sababu tuta lililofifia usiku ni kinyume cha kibao cha tembo: hapa kuna onyo bila kitu, pale kuna kitu bila onyo. Vyote viwili vinaumiza.

Na vibao? Tusiving'oe. Mgeni anayepita mara ya kwanza anavihitaji. Ila viongezewe vingine vichache vinavyohamishika, viwekwe pale askari wa hifadhi walipoona wanyama wanavuka wiki hiyo, na viondolewe wanyama wakihama. Kuviondoa ndiko kutakakovipa heshima. Dereva akijua kwamba kibao kile cha njano hakikuwepo Jumatatu, Alhamisi atakiamini.

Siku nchi ikiamua kujenga kinu cha nyuklia, tutanunua taa bora na kengele bora, zimeshabuniwa na watu waliojifunza kwa maumivu. Tabia ya kuuliza haiuzwi pamoja nazo. Mtu aliyezoea "hiyo achana nayo, ndivyo ilivyo" ataingia nayo kwenye chumba cha mitambo kama alivyoingia nayo kwenye daladala. Kwa hiyo tuanze mazoezi na tulivyo navyo. Kwa kila onyo unalokutana nalo wiki hii, barabarani, hospitalini, kazini au kwenye simu, uliza: linasoma kitu chenyewe au agizo? Nani atalizima hatari ikiisha? Na nikilisikia, nifanye nini hasa? Onyo likishindwa maswali yote matatu, mtafute mwenye nalo umwambie. Kilosa masika yanarudi kila mwaka, na nguzo za daraja bado zina nafasi ya rangi.